Mtoto wa Mwalimu: Uhakiki wa Nasaba za Wahubiri Wasafiri

1. Swali la Masieda

Miaka michache iliyopita nilikuwa Masieda, wilayani Mbulu, nikikusanya maneno ya Kiswahili yanayotumika katika kaya ambazo lugha ya nyumbani ni Kiiraqw. Siku ya mwisho alinijia mzee mmoja akiwa na daftari la zamani la kanisa, lililofungwa kwa kitambaa. Nilimwamkia, naye akaitikia marahaba, akakaa kimya kitambo, kisha akafungua ukurasa mmoja na kuniambia, "Mwalimu, nimesikia umesoma mpaka ng'ambo. Nisomee hapa, babu yangu alikuwa mtoto wa nani."

Mwandiko ulikuwa mzuri, nami nilisoma bila taabu. Palikuwa na jina la ubatizo la babu yake, na baada yake maneno matatu: mtoto wa mwalimu. Mzee akatikisa kichwa. Maneno hayo aliyajua tangu utotoni. Hakutaka yasomwe bali yaelezwe. Mwalimu aliyetajwa alikuwa mhubiri mgeni, aliyefika kwa miguu na vitabu vyake vya Kiswahili, akafundisha katika kaya hii na ile, kisha akahamia mbele. Huko huko Masieda iko nyumba nyingine ambayo watu wote huijua kuwa ni ya uzao wa mhubiri huyo. Sasa mjukuu wa mzee alitaka kuoa binti wa nyumba hiyo. Ikiwa neno mtoto katika daftari ni mtoto wa kuzaliwa, basi vijana wale ni damu moja na ndoa haiwezekani. Ikiwa ni mtoto wa kufundishwa, kizuizi hakipo. Wazee wa pande mbili walikuwa wamekubaliana kungoja mpaka jambo lijulikane.

Nilitambua pia, kwa jinsi mzee alivyolishika daftari lile, kwamba swali lake lilikuwa na upande wa pili ambao hakuutamka. Kwa miaka yote nyumba yake ilijihesabu kuwa ni nyumba ya mhubiri. Jibu litakalomruhusu mjukuu kuoa ndilo hilo hilo litakalomnyang'anya mzee babu mkuu wake.

Makala haya ni jibu langu kwa mzee yule, lakini nimeyaandika kwa ajili ya wasomi wenzangu, kwa kuwa sisi ndio tuliozoea kuyachukua maandishi ya namna hii na kuyafanya ushahidi wa historia ya koo bila ya kuyapima kwanza kama maneno. Nia yangu ni kuonyesha kwamba katika Kiswahili cha wahubiri, wa dini zote mbili, maneno ya uzazi yalibeba mambo mawili kwa pamoja, yaani nasaba na silsila. Mtafiti asiyeyatenga mambo haya atajenga ukoo ambao haukuwapo, au atauvunja ulio hai.

2. Nasaba na silsila

Maneno haya mawili yametoka katika Kiarabu, na katika Kiswahili kila moja limeshika mahali pake. Nasaba ni mfululizo wa damu: fulani bin fulani bin fulani. Silsila, ambayo asili yake ni mnyororo, ni mfululizo wa kupokezana: huyu alisoma kwa yule, na yule alipewa idhini na mwingine kabla yake. Katika tarika ya Kadiria mnyororo huo hupandishwa kutoka kwa shehe wa leo mpaka kwa Abdulkadir Jilani, aliyefariki Baghdad mwaka 1166. Hakuna anayedhani kwamba watu wote wa mnyororo huo ni wa tumbo moja. Lakini adabu wanayopeana, na maneno wanayoitana, ni ya baba na mwana.

Mara nyingine mambo haya mawili hukutana kwa mtu mmoja. Habib Saleh, aliyetoka Ngazija akafanya kazi yake Lamu mpaka alipofariki mwaka 1935, alikuwa sharifu wa Jamal al-Layl. Kwa hiyo alikuwa na nasaba ya kuisoma mbele ya watu, na juu yake elimu aliyoipokea kwa walimu wake. Kwa mtu kama huyo mtafiti hapati tabu, kwa kuwa kila mstari una waliouhifadhi. Tabu huanza kwa mhubiri ambaye damu yake haijulikani mahali alipofika. Huyo hujulikana kwa silsila peke yake, na watu wanaomsimulia baada ya kufa kwake huijaza nafasi ya nasaba kwa kile walicho nacho.

Na Kiswahili chenyewe huwasaidia kuijaza. Tazama neno mwanafunzi: ndani yake limo neno mwana. Tazama pia mwanachuoni. Lugha yetu haikuona ajabu kumwita anayefundishwa mwana, na wala msemaji hafikiri tena juu ya uzazi anapolitamka neno hilo. Jambo hili limeenda mbali zaidi katika maneno mwanamaji, mwanasheria na mwananchi, ambamo mwana ni mtu wa jambo fulani tu. Mtoto, kwa upande wake, limebaki karibu zaidi na uzazi, lakini nalo hutumika kwa uanafunzi na utegemezi. Fundi seremala humwita anayejifunza kwake mtoto wangu. Katika vituo vya misheni walikuwako watoto wa misheni, na wengi wao walikuwa watu wazima wenye wake na watoto wao wenyewe.

Kwa hiyo maneno mtoto wa mwalimu yana maana mbili halali, zote mbili za Kiswahili sanifu, wala sarufi haiwezi kuchagua moja. Hili nalisisitiza kwa sababu nimesoma tasnifu zaidi ya moja ambazo zimechora miti ya ukoo kwa kufuata neno mtoto peke yake, kana kwamba neno hilo ni cheti cha kuzaliwa.

3. Majina matatu

Kama neno la uzazi halitoshi, mtu ataliendea jina. Hapa napenda kuyachunguza majina ya wahubiri watatu wanaojulikana katika historia ya Afrika Mashariki. Wote watatu walitekwa au kuuzwa utotoni, na wote wakawa viongozi wa dini mbali na walikozaliwa.

Wa kwanza ni William Jones. Alikuwa Myao aliyekombolewa kutoka utumwani na kusomeshwa Nashik, Bara Hindi, pamoja na Waafrika wengine waliokuja kuitwa watu wa Bombay. Alirudi pwani ya Afrika kufanya kazi ya misheni, na mwaka 1885 alipewa ushemasi na Askofu Hannington huko Frere Town, karibu na Mombasa. Mwaka huo huo alifuatana na askofu katika safari ya kwenda Buganda kwa njia ya Ukikuyu. Walipofika kwa Sundu, mahali panapoitwa leo Mumias, Hannington alitangulia na wapagazi wapatao hamsini, akamwacha Jones na msafara uliobaki. Askofu aliuawa Busoga tarehe 29 Oktoba 1885, na Jones ndiye aliyeurudisha msafara Rabai mapema mwaka 1886. Baadaye Rabai ikawa kimbilio la watumwa watoro, na tarehe 1 Januari 1889 watoro zaidi ya elfu moja walipewa hati zao za uhuru, baada ya mabwana zao kulipwa fidia.

Mtu huyu safari yake twaweza kuifuata kituo kwa kituo, kwa kuwa maandishi yake ya njiani yalitumiwa na Dawson katika kitabu cha maisha ya Hannington kilichotolewa mwaka 1887. Lakini jina Jones halitufikishi kwa Wayao hata hatua moja. Ni jina la Kiwelsh juu ya mtu wa Nyasa. Mtafiti atakayelifuata kama jina la ukoo ataishia Uingereza.

Wa pili ni Cecil Majaliwa, naye Myao. Alitekwa akiwa mtoto, akalelewa na misheni ya Unguja, akasoma Kiungani na baadaye Canterbury. Alipewa ushemasi mwaka 1886 na ukasisi mwaka 1890, akawa kasisi wa kwanza Mwafrika katika misheni ile ya vyuo vikuu. Kazi yake kubwa aliifanya Chitangali, kusini mwa Tanzania ya leo, miongoni mwa Wayao. Yaani alirudi kwa watu wa lugha ya mama yake, lakini akiwa mgeni aliyetumwa.

Jina lake latudanganya kwa namna nyingine. Jones mtu huliona mara moja kuwa ni geni. Majaliwa lina sura ya nyumbani, na msomaji asiyeangalia atalidhania kuwa ni jina la baba au la ukoo wa kusini. Lakini kwa umbo lake ni neno la Kiswahili: kitenzi jalia, katika hali ya kutendwa jaliwa, na kiambishi ma- cha kuundia nomino. Maana yake ni yale ambayo mtu amekirimiwa na Mungu. Liko katika jamii moja na majina kama Baraka, Mabruki, Sudi na Feruzi, ambayo yalitumika sana pwani kwa watu waliofika bila ya ukoo wa kuwasemea. Majina hayo hutamka kheri, bahati au neema; hayamtaji baba. Hivyo Cecil Majaliwa ana majina mawili, moja la Kiingereza na moja la Kiswahili, na hakuna hata moja linalotoka Uyaoni.

Wa tatu ni Shehe Yahya bin Abdallah, aliyejulikana zaidi kwa jina la Shehe Ramiya, kiongozi wa Kadiria huko Bagamoyo. Alitoka Manyema, upande wa mashariki wa Kongo, akawa mtumwa katika nyumba ya Amir bin Suleiman el-Lamki. Alisoma, akapata elimu na idhini, na alipofariki mwaka 1931 alikuwa miongoni mwa wakubwa wa dini wa pwani nzima. Mwanawe Muhammad akashika nafasi yake. Nimtz, katika kitabu chake cha mwaka 1980 juu ya tarika na siasa Tanzania, ameeleza vizuri jinsi mtu huyu alivyopanda kutoka chini kabisa.

Hapa udanganyifu ni wa ndani zaidi, maana jina lina umbo kamili la nasaba. Yahya bin Abdallah: nani atashuku kwamba baba yake aliitwa Abdallah? Lakini ni desturi ya zamani katika Uislamu kwamba mtu asiyejulikana baba yake, au ambaye baba yake hakuwa Mwislamu, aitwe mwana wa Abdallah, kwa kuwa kila mtu ni mtumwa wa Mungu. Kwa hiyo bin Abdallah huenda ni nasaba, na huenda ni alama ya mahali nasaba ilipokatika. Hata neno Mmanyema halitoi msaada mkubwa, kwani pwani lilitumika kwa watu wa makabila mengi waliotoka nchi pana ya mashariki ya Kongo.

Twaona basi namna tatu za kuliziba pengo moja. La kwanza limezibwa kwa jina geni, la pili kwa jina la neema, na la tatu kwa jina lenye sura ya nasaba. Sisemi kwamba waliotoa majina haya walikusudia kudanganya. Mtu aliyekatwa na jamaa zake lazima aitwe kwa jina fulani, na kila jamii ilimpa jina kwa mali iliyokuwa nayo. Kosa ni letu tunaolisoma jina kama kwamba kazi yake pekee ni kueleza damu.

4. Kitabu cha Mbotela

Yuko mwandishi mmoja aliyelikabili pengo hili kwa Kiswahili na kwa urefu, naye ni James Juma Mbotela. Kitabu chake, Uhuru wa Watumwa, kilichapishwa London na Sheldon Press mwaka 1934. Kinasimulia jinsi watu walivyotekwa barani, jinsi walivyopakiwa katika jahazi, jinsi manowari ya Kiingereza ilivyowakamata waliowauza, na jinsi waliookolewa walivyopelekwa kukaa Frere Town, mji uliokuwa umeanzishwa na misheni mwaka 1875. Miongoni mwa walioletwa hivyo alikuwa baba wa mwandishi mwenyewe. Katika mji huo ndimo watu kama Jones walimofanyia kazi; kwa hiyo kitabu hiki ni shahidi wa jamii iliyowazaa wahubiri wengi wasafiri, hata kama si kitabu cha mhubiri mmoja.

Wahakiki wamekilaumu kwa kuwasifu Waingereza kupita kiasi, na lawama hiyo ni ya haki. Msomaji wa leo hawezi kupita juu ya sifa zile bila ya kukunja uso, kwa sababu anajua kwamba dola iliyotuma manowari ndiyo iliyokuja kutwaa nchi. Lakini nadhani lawama imetufanya tusikisome kwa namna nyingine. Kwa muundo wake, Uhuru wa Watumwa ni kitabu cha nasaba. Mwana anasimulia asili ya baba yake, kama Abdallah bin Hemedi l'Ajjemy alivyosimulia asili ya watawala wa Usambara katika Habari za Wakilindi. Katika kitabu hicho mwanzo wa ukoo ni Mbegha, mwindaji mgeni aliyefika kutoka Nguu. Katika kitabu cha Mbotela mwanzo wa ukoo ni meli.

Nikisema mwanzo ni meli nina maana hii. Katika masimulizi ya nasaba kuna mahali msimulizi hawezi kupita, na mahali hapo ndipo anapoweka mtu au jambo la ajabu: mgeni kutoka msituni, mto uliopasuka, nyota. Kwa Mbotela mahali hapo palikuwa baharini. Nyuma ya bahari ilikuwako nchi ya mababu ambayo mtoto wa Frere Town hakuirithi; mbele yake ulikuwako mji mpya wenye kanisa, shule na Kiswahili. Manowari imesimama pale ambapo Mbegha amesimama kwa Wakilindi. Sifa anazopewa nahodha Mwingereza, kwa kiasi fulani, ni sifa ambazo kila ukoo humpa babu yake wa kwanza. Kulisema hili si kumtetea Mbotela katika siasa yake. Ni kuonyesha kwamba tumelichukua kama neno la siasa tu jambo ambalo ni pia desturi ya fasihi, na kwamba watu walionyimwa nasaba wameitumia desturi hiyo kwa haki yao.

Na yafaa kutazama lililotokea baadaye. Mbotela, jina la mtu mmoja aliyetekwa, likawa jina la ukoo mzima. Wasikilizaji wa redio nchini Kenya walilisikia kwa miaka mingi kwa sauti ya mtangazaji Leonard Mambo Mbotela, mtu wa ukoo huo, aliyefariki mwaka 2025. Pengo limekuwa shina. Mtafiti atakayekuja miaka mia moja baadaye akauliza Mbotela ni ukoo gani, atajibiwa bila ya kusitasita, na jibu litakuwa la kweli.

5. Herufi na masikio

Narudi sasa Mbulu, ambako swali lilianzia. Nchi hii ina sifa ambayo wanaisimu wa dunia nzima huijua: katika eneo dogo zimekutana lugha za asili nne zisizohusiana. Kiiraqw ni cha jamii ya Kikushi, Kidatooga ni cha Kiniloti, Kihadza hakijapatiwa ndugu anayekubaliwa na wote, na Kinyiramba na Kiihanzu ni vya Kibantu. Whiteley, ambaye wasomi wa Kiswahili humkumbuka kwa kuyatafsiri maisha ya Tippu Tip, ndiye pia aliyetoa maelezo mafupi ya Kiiraqw mwaka 1958. Na sarufi kubwa ya Maarten Mous ilitoka mwaka 1993. Mhubiri aliyefika hapa na Kiswahili chake alileta lugha nyingine tena, na lugha hiyo ndiyo iliyoandikwa.

Matokeo yake kwa mtafuta nasaba ni makubwa. Kiiraqw kina sauti ambazo alfabeti ya Kiswahili haina herufi zake. Iko sauti inayoandikwa sl na nyingine inayoandikwa tl, zote za kando ya ulimi. Iko hh ya kooni. Iko ile inayoandikwa leo kwa mkwaju, na ambayo mwenye kujua Kiarabu atailinganisha na ayni. Karani aliyezoea Kiswahili, akisikia jina lenye sauti kama hizi, aliandika kile sikio lake lilichopata. Sala ya wazee iitwayo slufay ingeweza kuandikwa naye sufai leo na shufai kesho. Likiwa ni jina la mtu, ndugu wawili wa baba mmoja wataonekana katika daftari kama watu wa baba wawili. Na kinyume chake, mababa wawili ambao majina yao yanatofautiana kwa h na hh tu watakuwa mtu mmoja. Kabla ya kusoma nasaba katika daftari kama lile, mtafiti hana budi kumwomba mwenye lugha alitamke kila jina, na kuandika anachosikia pembeni mwa kilichoandikwa.

Majina ya makabila nayo yana hatari yake. Wadatooga wameandikwa katika vitabu vingi Wamang'ati, neno lililotoka kwa Wamaasai na lenye maana ya adui. Mtu aliyeandikwa Mmang'ati ameandikwa kwa jina alilopewa na waliopigana naye.

Kuna pia jambo la majina ya pili. Kwa desturi iliyoenea nchini, jina la pili la mtu ni la baba yake, na katika kizazi kinachofuata nafasi hiyo huchukuliwa na jina lingine. Anayelichukua jina la pili kuwa la ukoo, kama ilivyo Ulaya, atadhani kwamba ukoo umekoma kila baada ya kizazi kimoja. Ukoo wenyewe, ambao Wairaqw huuita tlahhay, mara nyingi haumo kabisa katika maandishi ya kanisa, kwa sababu mhubiri hakuwa na haja nao. Yeye aliandika ubatizo. Ndoa za kiukoo ziliachwa vichwani mwa wazee.

Lakini ni katika jambo hili hili la ukoo kwamba Wairaqw wanaweza kutufundisha. Masimulizi yao ya asili yanataja kutoka Ma'angwatay na kuhama kwa vituo mpaka Irqwar Da'aw, nchi ya milima iliyokuwa kitovu chao. Na kutoka hapo, hasa katika karne ya 20, walienea magharibi na kusini. Katika mwendo huo walipokea wageni wengi. Koo nyingi za Wairaqw husimulia wazi kwamba babu yao wa kwanza alikuwa Mdatooga, Mmaasai au mtu wa kabila lingine, na hakuna anayewaona kuwa Wairaqw pungufu kwa ajili hiyo. Mgeni alipewa ardhi, akaoa, akalima na wenziwe, na baada ya vizazi vichache akawa babu. Adabu ya lugha inalingana na hilo: mzee yeyote huitwa ako, babu, na anayemwita hivyo hadai urithi kwake.

6. Jibu

Nilipokuwa bado Masieda nilimwomba mzee ruhusa ya kuzisoma kurasa nyingine za daftari lake. Nilitaka kumjua karani, maana neno la mtu hufasiriwa kwanza kwa maneno yake mwenyewe. Nikaona kwamba watu wengi wameandikwa kwa jina la ubatizo likifuatwa na jina la baba, tena kwa majina ya Kiiraqw yaliyoandikwa kwa shida. Lakini katika kurasa za mwanzo wako vijana kadhaa, wa rika moja kwa kadiri ya maelezo ya mzee, ambao wote wameandikwa mtoto wa mwalimu. Mhubiri mmoja, aliyekaa kwa muda mfupi, hawezi kuwa na wana wengi wa umri mmoja. Tena, mahali panapotajwa mtoto aliyezaliwa katika nyumba ya mhubiri, karani yule yule ameandika mwana wa, si mtoto wa, na akataja jina la mama.

Ushahidi huu ni wa maandishi, na peke yake haunitoshi. Nikamwuliza mzee maswali ambayo daftari lisingeweza kuyajibu. Shangazi zako walipoolewa, ng'ombe wa mahari waligawanywa kwa nani? Katika nyumba ile ya pili, yuko mtu uliyefundishwa tangu utotoni kumwita baba mdogo au mjomba? Babu yako alipozikwa, nani walisimama upande wa wafiwa? Mzee alijibu moja baada ya moja. Nyumba ile haikupata ng'ombe. Hakufundishwa kumwita mtu wao yeyote kwa jina la udugu, ila mzee wao mmoja tu, ambaye watoto wote wa kijiji walimwita babu. Mazikoni walikuja kama majirani.

Nikamwambia kwamba kwa ninavyolisoma daftari, babu yake alikuwa mwanafunzi wa mhubiri, mmoja wa wale wa kwanza, na si mwanawe wa kuzaa. Nilieleza pia kwamba uamuzi wa ndoa si wangu, ni wa wazee wa pande mbili, na kwamba majibu yake mwenyewe juu ya mahari na mazishi yana uzito kuliko kusoma kwangu. Alinyamaza kwa muda. Kisha akasema, "Basi sisi si watu wake."

Sikuwa tayari kwa neno hilo. Nilimjibu kadiri nilivyoweza, na hapa nalirudia jibu kwa uangalifu zaidi. Daftari halikusema kwamba babu yake hakuwa wa mhubiri. Limesema kwamba alikuwa wake kwa namna nyingine. Shehe Ramiya hahesabiwi Bagamoyo kwa sababu ya baba yake wa Manyema, bali kwa sababu ya aliowapokea na aliowafundisha. Majaliwa hakwenda Chitangali kutafuta ukoo. Alikwenda kuwa mwalimu, na wakawapo watu waliomwita hivyo. Karani aliyeandika mtoto wa mwalimu alijua tofauti kati ya mtoto na mwana, na bado akaona neno hilo linafaa. Mnyororo wa kufundishwa si nasaba iliyopungua. Una kanuni zake: hauzuii ndoa, hauleti mirathi, lakini unaleta jina na heshima, na mtu anaweza kuusoma mbele ya watu bila ya aibu.

Kwa wasomi wenzangu nina ombi moja. Tunapochapisha maandishi ya wahubiri na madaftari ya vituo, tusiyatafsiri maneno ya udugu kwa alama za mti wa ukoo mpaka tumeonyesha jinsi mwandishi yule yule alivyoyatumia mahali pengine, na mpaka tumewauliza walio hai juu ya mahari, mazishi na namna ya kuitana. Kazi hiyo ni ndefu, na wengi wa wanaojua majibu ni wazee sana.

Mzee wa Masieda alilifunga daftari lake kwa kitambaa kile kile. Kabla ya kuondoka aliniomba nimwandikie katika karatasi safi jina la babu yake, na chini yake maneno mwanafunzi wa kwanza wa mwalimu. Niliandika, nikamtamkisha jina la babu mara mbili ili niliandike sawasawa, kwa hh.